Maneno Niliyomlisha Binti wa Tamthilia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimedanganya ukumbi mzima, na ukumbi mzima umeniitikia amina.

Niandike ilivyokuwa kabla sijaanza kuipamba. Baada ya chakula cha jioni tulibanana mbele ya televisheni, ukumbini chini ya bweni, kama kila siku ya kazi. Tamthilia inazungumzwa kwa lugha ya wenyeji wa nchi hii tuliyokuja kufanya kazi ya dobi. Wenzangu wanajua maneno ya kazini tu — leta, harakisha, moto, acha. Mimi naijua kwa sababu nimekaa huku kuliko wao. Miaka ya mwanzo nilibeba magunia sokoni, na sokoni asiyeelewa hutukanwa huku anacheka. Kwa hiyo mimi ndiye mkalimani. Wale wakisema kule ndani, nami nasema huku nje. Ikiisha natoa neno.

Hilo la kutoa neno lilianza kwa mpira. Mlinda mlango alidaka penalti, nikasema hivi ndivyo Bwana anavyosimama kati yetu na mshtaki wetu. Watu wakapenda. Wakaniita Pasta. Mimi, niliyeliacha darasa la sita katikati! Tangu hapo naona mafundisho kila mahali — kwenye mieleka, kwenye mashindano ya kuimba, kwenye chujio la mashine ya kukaushia. Goti, tunayemwita hivyo kwa goti lake bovu, na ninayelala naye chumba kimoja, alinitania juzi tangazo la sabuni lilipopita: "Haya Pasta, hapo napo Mungu kasema nini?" Nikamjibu. Nilikuwa na jibu. Ndiyo shida yangu, jibu huwa ninalo.

Leo sasa. Mama wa tamthilia, aliyemwacha binti yake mdogo akaenda kutafuta maisha mbali, amerudi. Amesimama getini na begi. Binti, sasa mtu mzima, akatoka. Akamshika mama mikono yote miwili, akamwinamia sikioni, machozi yanamtiririka.

Binti alisema: "Majirani wanatuangalia. Nimekushika ili wasijue. Ondoka, na usirudi tena hapa."

Mimi nikasema: "Mama, nimekungoja siku zote. Ingia, hapa ni kwako."

Sikukosea. Nilielewa kila neno. Ila neno langu la leo lilikuwa tayari tangu asubuhi — lile la baba aliyemkimbilia mwanawe barabarani kabla mwana hajamaliza kuomba msamaha — na binti huyu alikuwa ananiharibia. Nikamlisha maneno yangu.

Na kuna Dada wa Pasi. Alikuwa ameketi mbele yangu, kiganja mdomoni. Yeye ndiye anayeingiza mashuka kwenye rola ya moto kule dobi, mikono yake imekuwa myeusi na kung'aa hadi viwikoni. Alimwacha binti yake kwa dada yake mkubwa, mtoto bado hajang'oa jino. Sasa binti huyo amejifungua mtoto wake wa kwanza, na simu za mama yake hapokei. Si siri. Kuta za bweni letu ni mbao, kila mtu anamjua mwenzake anavyolia.

Alinifuata ngazini. Akasema, "Mdogo wangu, Mungu akubariki. Leo nimesemeshwa."

Nikasema amina.

Jumanne, 4 Machi

Uongo umezaa. Leo yule mama wa tamthilia kalala kwenye benchi la stendi, kajifunika koti.

Goti akauliza kwa sauti: "Pasta, mtu kakaribishwa jana kwa machozi. Leo analala stendi?"

Nikasema amerudi kufuata mizigo yake, basi limemchelewesha.

"Mizigo gani? Si alikuja na begi lake?"

Watu wakacheka. Mzee wa Boila akanitetea. Akamwambia Goti, "Nyamaza wewe. Wewe hata kwenye mpira unashangilia goli la kufungwa." Mzee huyu ndiye anayetuwashia mvuke alfajiri, na ndiye anayefumba macho sana nikiomba. Ametetea uongo akidhani anatetea Neno. Hilo limenichoma kuliko kicheko.

Nikatoa neno kuhusu subira. Fupi. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu anayeuza dawa ya meno sokoni.

Dada wa Pasi hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mama kwenye benchi, akitikisa kichwa taratibu kana kwamba anamwambia vumilia, kesho utaingia.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi nyingi. Mashuka ya hospitali yamekuja malundo mawili, na mimi niko kwenye kuchambua. Glavu, barakoa, mikono ndani ya vilivyolaliwa na wagonjwa. Leo nimetoa soksi ya mtoto, kijiko, na meno ya bandia yaliyofungwa kwenye kona ya shuka kama fundo la sadaka.

Zamani — zamani gani, wiki iliyopita — ningeshaanza kutunga. Shuka la daktari na la mfagizi huingia pipa moja la mashine, maji ni yale yale. Neno zuri kabisa. Limekuja lenyewe, nikalifukuza. Nikaona haya mbele ya mashuka. Nilijiuliza: hivi yale yote niliyokuwa nikiyaona, nilikuwa nayaona kweli, au nilikuwa ninatafuta tu kitu cha kusema jioni ili watu wageuze shingo?

Nadhani mengine niliyaona kweli. Hapo ndipo panapouma. Lile la chujio la kukaushia lilinijia nikiwa peke yangu, sina wa kumwambia, nikakaa chini kwenye sakafu yenye joto nikashukuru. Nyuzi zote zile zilizotoka kwenye nguo zinazoonekana safi. Sikumwambia mtu kwa siku nyingi. Hilo lilikuwa langu na Mungu. Haya ya sasa ni yangu na watu.

Saa ya mapumziko Dada wa Pasi akaja kuketi kwenye toroli langu. Ana tabia ya kupuliza viganja vyake hata vikiwa baridi. Akasema, "Nimeamua. Naenda nyumbani."

Nikamwambia mkataba haujaisha. Akasema anajua.

Nikamwambia anayevunja mkataba hapa harudishwi. Tuliyaona ya yule fundi wa mashine, alirudi kuomba kazi msimamizi akamwambia zunguka hapo nyuma utoke.

Akasema, "Kwani nataka kurudi? Nimemtumia mwanangu ujumbe wa sauti. Nimemwambia nakuja kukuona wewe na mtoto, hata ukinifungia mlango nitakaa nje mpaka ufungue."

"Amejibu?"

"Amesikiliza. Nimeona alama. Hajajibu." Kisha akatabasamu, na nitalikumbuka tabasamu hilo mpaka nife. "Lakini si wewe uliyesema juzi? Kwamba ukimya nao ni mlango, haujafungwa ila umeegeshwa tu?"

Ndiyo, nilisema, kwenye lile neno la subira. Nilisema ili kumziba mdomo Goti.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kwenye ibada nimeazimia kutubu. Ibada yetu ni ukumbini hapo hapo, televisheni imefunikwa shuka lililokataa kutoka doa. Nilikuwa nimepanga maneno: ndugu zangu, yule binti hakusema vile.

Kabla sijasimama, Dada wa Pasi akasimama. Akatoa ushuhuda. Akasema miaka yote hii alikuwa anaamini ameshafutwa, kwamba mama aliyeondoka haruhusiwi hata kuomba. Halafu Jumatatu iliyopita Mungu akamwonyesha geti, na binti, na mikono. Akayarudia maneno yangu kama nilivyoyasema, hakupunguza hata moja. "Mama, nimekungoja siku zote. Ingia, hapa ni kwako." Akalia. Mzee wa Boila akalia. Wale wa zamu ya kukunja, ambao huja ibadani kwa ajili ya chai, nao wakalia. Wimbo ukapigwa, meza zikageuka ngoma.

Halafu wakanigeukia. "Pasta, tuombee."

Nikaomba. Nikafunga ibada. Nikanywa chai.

Mtu akisema uongo kwa hofu, nitamwelewa. Mimi sikuwa na hofu. Nilikuwa na raha. Hata leo, katikati ya haya yote, alipoyarudia maneno yale kuna kipande changu kilichosema: umeyapanga vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Mama wa tamthilia bado yuko nje. Fundi cherehani mmoja kamhurumia, kampa chumba cha nyuma ya duka. Nimesema ni mgonjwa, ndiyo maana binti hajamwingiza nyumbani.

Goti: "Ugonjwa gani?"

Nikasema wa kuambukiza.

Goti: "Mbona huyo fundi anakunywa naye chai kikombe kimoja?"

Nikasema nina kikohozi, sitatoa neno leo. Mzee wa Boila akaniletea maji ya moto na limau mpaka chumbani. Nikayanywa yote, akiwa amesimama anahakikisha.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia mke wangu wakati wa mapumziko, nimejificha nyuma ya mapipa ya sabuni. Nilimweleza yote. Nilitegemea atanituliza. Kwanza akacheka.

Akasema, "Wewe! Hata siku ya harusi yetu ulipoambiwa useme maneno mawili, baba yangu alilala usingizi akaamka bado umesimama."

Nikamwambia si mambo ya kucheka, mtu anaacha kazi.

Akaacha kucheka, akauliza kama huyo dada ameshamwambia msimamizi. Nikasema bado, nadhani Ijumaa. Akasema basi nimwambie kabla ya Ijumaa. Nikasema itamvunja moyo. Akasema, "Afadhali umvunje moyo huko, yuko na nyinyi. Akienda kuvunjiwa getini na mwanawe, nani atakuwa amesimama naye? Wewe?"

Nikasema labda Mungu anatumia hata uongo wangu. Nilikuwa nimeshajiaminisha jambo hilo tangu jana, nililifanyia kazi kama shuka, nikalinyoosha.

Akasema, "Baba watoto. Mungu alikuomba umsaidie?"

Kisha salio likaisha, au alikata. Sikupiga tena.

Ijumaa, 14 Machi

Nimechelewa. Lakini nimesema.

Asubuhi Dada wa Pasi alikwenda ofisini kwa msimamizi kabla mashine hazijaanza. Alitoka baada ya muda mfupi sana. Mchana mwanamke mwingine alikuwa ameshasimamishwa kwenye rola anajifunza, anaingiza mashuka yamekunjamana, na Dada wa Pasi yuko pembeni anamwelekeza asiunguze vidole. Ndivyo walivyo hapa. Mtu hujui umekwenda mpaka uone mwenzako amevaa aproni yako.

Wakampeleka yeye kwenye kukunja, kumalizia siku zake. Nami nikaomba kwenda kukunja. Mashuka makubwa ya hoteli hayakunjiki na mtu mmoja. Unashika kona mbili, mwenzako mbili, mnavuta, mnakutana katikati, mnapeana kona, mnarudi nyuma. Kwa hiyo huwezi kumkimbia mtu.

Tulikuwa tumekunja rundo zima sijasema neno. Halafu nikasema, tukiwa tumevuta shuka limenyooka kati yetu: "Dada. Yule binti hakusema vile."

"Binti yupi?"

"Wa tamthilia. Pale getini."

Hakuachia kona zake. Akaja katikati, akanipa, nikapokea, akarudi. "Alisema nini?"

Nikamwambia. Majirani, mikono, ondoka, usirudi. Nilisema kwa sauti ndogo, akasema hajasikia. Nikasema tena.

Tukakunja shuka jingine. Na jingine. Mashine zinanguruma. Mvuke unatoka kule kwa Mzee, na mimi jasho linanitoka si kwa mvuke.

"Na ile ya mizigo? Na ugonjwa?"

"Uongo."

"Huyo mama anaumwa?"

"Haumwi. Amekataliwa."

Akavuta kona zake kwa nguvu mpaka shuka likanichomoka. Nikaliokota. Likabidi lirudishwe kufuliwa. Akanisubiri niliweke pembeni, nichukue jingine, ndipo akauliza, na hakuuliza kwa ukali:

"Ulinionea huruma, au ulijipenda?"

Nilikuwa nataka kusema huruma. Lilikuwa hapo, ulimini, na lina ukweli kidogo ndani yake. Nikasema, "Nilijipenda, dada. Nilitaka lile neno langu litoke vizuri."

"Haya," akasema.

Tukakunja mpaka kengele ya kutoka. Hakunitukana. Angenitukana ningelala. Alipokuwa akivua aproni akasema tu, bila kunitazama: "Nimeshaaga ofisini. Kiti changu kina mtu."

Jumamosi, 15 Machi

Hajatoka chumbani kwake. Nimesimama mlangoni mara kadhaa na sikubisha. Mtu wa maneno mengi, mlangoni pa mtu, hana hata hodi.

Jumapili, 16 Machi

Nimewaambia wote.

Sikusimama mbele. Nilisimama pale nilipokuwa nimeketi, nyuma, karibu na birika. Nikasema binti wa tamthilia alimfukuza mama yake, na mimi niliwapa maneno yangu mkayaita ya Mungu, na mambo ya stendi na ugonjwa yalikuwa ni kufukia shimo kwa shimo. Nikasema Dada wa Pasi ameacha kazi kwa maneno yangu. Nikaketi. Sikumalizia kwa fundisho. Lilikuwepo, lilinijia, nikalimeza.

Dada wa Pasi alikuwepo, ameketi dirishani, anatazama uani ambako hakuna kitu cha kutazamwa.

Goti ndiye wa kwanza kusema. Nilijiandaa. Akasema, "Mimi nilijua tangu stendi. Mtu aliyesamehewa halali vile." Kisha akakuna lile goti lake baya, akaongeza, "Lakini ya kwako niliipenda zaidi. Ndiyo maana nilikuwa nakuulizauliza, nione utaiokoaje."

Mtu mmoja akacheka, akaacha.

Mwishowe Mzee wa Boila akainuka akachukua kofia yake. Mlangoni akageuka. Akasema, "Nilikuwa namwombea yule binti. Kila alfajiri nikiwasha moto. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa moyo wake."

Nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu."

Akasema, "Sasa nimwombee nini?" Alikuwa anauliza kweli. Alisubiri jibu, mtu mzima na mvi zake, anamsubiri mwongo amjibu. Nikasema sijui. Akatoka.

Wimbo haukupigwa. Chai ilibaki.

Nilipokuwa naosha vikombe peke yangu, Dada wa Pasi alikuja akaweka chake kwenye beseni. Nikamwambia kama anataka niende naye kwa msimamizi, nitasema ni kosa langu, labda wamrudishe hata kwenye kuchambua. Akasema, "Acha kunisemea, mdogo wangu." Akaondoka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekuja na daftari ukumbini, jambo ambalo sijawahi. Mikono inataka kazi. Wenzangu watadhani ninaandika mahubiri.

Nilikuwa nimeamua nisije kabisa. Nilikuwa nimejilaza, viatu nimevua, nasikia muziki wa kufungulia tamthilia kupitia sakafuni. Dada wa Pasi akapiga ubao wa mlango. Amevaa nguo za safari, ingawa gari la kumpeleka uwanja wa ndege linakuja kesho asubuhi. Akasema, "Shuka. Hakuna anayeelewa kule chini."

Nikasema Goti anaelewa kidogo.

"Goti anaelewa matusi. Shuka."

Tukiwa ngazini nikamwuliza kama bado anakwenda. Swali la kijinga, kiti chake kina mtu. Lakini alijua ninachouliza. Akasema, "Wewe ulisema uongo kuhusu binti wa watu. Huyu wangu hukusema naye wewe, nilisema naye mimi. Nilimwambia nakuja. Nisipokwenda, uongo huo utakuwa wa nani?"

Ukumbini watu wameketi, lakini ile nafasi yangu karibu na televisheni wameiacha wazi. Sikujua kama ni heshima au ni kunisusa. Mzee wa Boila yupo, pembeni, kofia mapajani. Nikataka kukaa nyuma. Dada wa Pasi akaninyooshea kidole ile nafasi. Yeye akaketi mbele yangu, tena safari hii amegeuza kiti kidogo ili anione.

Akasema, "Tafsiri. Lilivyo."

Nikaanza. Ni kazi ngumu kuliko ya kutunga. Maneno ya wale watu ni makavu, mengine hayana maana yoyote, wanazungumza habari za kodi ya duka na mvua. Nikasema kodi ya duka na mvua. Hakuna aliyelalamika.

Kisha binti akatokea kwenye duka la fundi cherehani. Fundi akampisha. Akaingia chumba cha nyuma, mama yake alikuwa anashona kifungo. Hawakusalimiana. Binti akasema.

Nikasema: "Sikuja kukuchukua."

Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Dada wa Pasi hakupepesa macho. "Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, dada."

Binti akaketi kitandani, mbali na mama yake, miguu haijagusa begi. Akasema tena, nikasema: "Nimekuja kukuuliza jambo moja, na usinijibu kwa kulia."

Hapo simu ya Dada wa Pasi ikatetemeka mapajani mwake. Iliwaka, na kwa kuwa nimeketi karibu niliona. Ujumbe wa sauti. Jina lilikuwa "Mwanangu."

Aliiona. Aliishika. Kidole gumba chake, kile chenye alama ya rola, kikakaa juu ya kioo bila kubonyeza. Kisha akaigeuza uso chini.

Goti akanong'ona, "Dada, sikiliza basi."

Akasema, "Baada ya hii. Nataka kwanza nizoee kusikia jambo kama lilivyo."

Na kwenye televisheni wakakata, wakaweka matangazo ya biashara. Ndipo nilipofungua daftari hili. Naandika upesi, herufi zinapanda juu ya mstari. Hakuna aliyeniuliza nadhani binti atauliza nini. Mimi mwenyewe nina majibu matatu kichwani, yote mazuri, yote yanaliza. Nayaacha yapite.

Ee Mungu, sikuombi fundisho. Niache nisikie tu.

Matangazo yanaisha. Muziki. Binti amefungua mdomo, na Dada wa Pasi hatazami televisheni, ananitazama mimi mdomoni, mkono uko juu ya simu, na mimi naweka kalamu chini, nitafsiri lilivyo.